Ile laptopu ya darasa la kwanza tumejinunulia wenyewe

Mwaitu alinipatia pesa ndani ya bahasha ya kaki, ile ya kuwekea vyeti. Sh45,000. Nyingine ni za maembe ya msimu uliopita, nyingine amekopa kwa chama na atalipa pole pole mpaka Desemba. "Mtafutie kaka yako kompyuta ya chuo," akasema. "Na isife kama ile yako."

Kaka yangu ndiye kitinda mimba wetu. Alifanya KCSE mwaka jana na Septemba anaingia chuo. Masharti yake ni matatu: iwe laptopu ya gemu, iwe ya kubebeka kwa mgongo bila kuvunja bega, na isipite pesa iliyo ndani ya bahasha. Ukimwambia hivyo muuzaji wa Luthuli Avenue atakucheka kwanza, halafu akuulize kama una elfu 120.

Nilikaa chini na kalamu nipange hesabu: prosesa gani, grafiksi gani, RAM ngapi. Lakini nikaanza kuhesabu miaka badala ya pesa. Huyu kijana aliingia darasa la kwanza Januari 2014. Wenye kumbukumbu mshajua naelekea wapi. Kaka yangu ni mmoja wa wale watoto walioahidiwa laptopu.

Wacha niwarudishe nyuma kidogo. Kampeni za 2013, Uhuru Kenyatta na William Ruto wakiwa Jubilee, waliahidi kwamba kila mtoto wa darasa la kwanza katika shule ya umma atapewa laptopu yake, kuanzia Januari 2014. Mimi nilikuwa darasa la saba hapa Machakos na nilisikia wivu, siwezi kudanganya. Nilimwambia mwaitu kwamba nilizaliwa mapema. Kaka yangu alikuwa nasari, na jioni alikuwa anafungua kitabu cha picha kwa ubavu, anakigonga kwa vidole viwili, anatuambia tunyamaze anafanya kazi.

Serikali iliingia Aprili. Septemba mwaka huo huo wa 2013 sheria mpya ya VAT ikaanza kufanya kazi, na kompyuta ambazo hazikuwa zinatozwa zikawekewa asilimia 16. Yaani mkono mmoja ulikuwa unaahidi mtoto laptopu, na ule mwingine unamwongezea mzazi bei ya laptopu, mwaka mmoja. Hilo huwa sisikii watu wakilitaja. Tunakumbuka ahadi tu, kwa sababu ahadi ndiyo ilikuwa na wimbo na fulana.

Januari 2014 ikafika. Kaka akavaa kaptura kubwa kumshinda, akaenda shule, akarudi na penseli. Mwezi wa pili zabuni ikapewa kampuni ya India, Olive Telecommunications, kwa zaidi ya Sh24 bilioni. Washindani wakakata rufaa na bodi ya kukagua ununuzi wa umma ikaifuta. Ikawa kimya. Mpango uliporudi haukuwa wa laptopu tena, ulikuwa wa tableti ndogo ngumu za watoto, na kazi ikapewa vyuo vikuu viwili vikishirikiana na kampuni za nje: JKUAT na Positivo BGH upande mmoja, Chuo Kikuu cha Moi na JP Sá Couto ya Ureno upande wa pili. Zilianza kufika shuleni 2016, kuanzia darasa la kwanza. Kaka alikuwa la tatu. Alikuwa anaziona dirishani zikibebwa kwenda kwa watoto wadogo wake, halafu jioni zinarudishwa kabatini na kufuli inafungwa.

Ili niwe wa haki: kitu kimoja kizuri kilitokana na ule mpango, nacho ni stima. Huwezi kupeleka tableti mahali hakuna soketi, kwa hivyo shule nyingi za msingi za mashambani ziliunganishwa umeme kwa sababu hiyo. Hilo sitalikana.

Kizazi changu kilijifunza kompyuta wapi basi? Kwa cyber. Nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa 2009, na miaka michache baadaye mji wa Machakos ulikuwa na cyber kila kona, shilingi moja kwa dakika. Ile niliyoizoea ilikuwa na mashine nane kuukuu, na mbili za nyuma zilikuwa zimefichwa GTA San Andreas ndani ya folda iliyoitwa "CV". Mwenyewe alikuwa anajua na alikuwa anajifanya hajui, kwa sababu dakika ni dakika. Kando yake kulikuwa na kibanda cha PlayStation, mechi moja shilingi 10, na ukishinda unabaki kwa kiti. Mimi nilikuwa nabaki kwa kiti.

Wanafunzi wa chuo nao waliwahi kupata kitu. Mwaka 2010 bodi ya ICT ilianzisha Wezesha, kwa pesa za Benki ya Dunia: mwanafunzi ananunua laptopu mpya, serikali inamlipia sehemu ya bei, dola 120. Haikuwa bure na wala haikuwa ya kila mtu, lakini naiona ilikuwa na akili kuliko ile ya darasa la kwanza. Ilimwacha mtu achague mashine yake.

Sasa tuje kwa hii biashara yenyewe. Laptopu nyingi unazoziona kwa vioo vya maduka ya mtumba pale Nairobi, na hata hapa kwetu, zimeandikwa "ex-UK". Watu wanadhani hilo ni jina la ubora, kama vile "original". Ni jina la safari. Kampuni kubwa ya Ulaya inanunulia wafanyakazi wake mashine, inazitumia miaka mitatu, minne, mitano, halafu inazitoa zote kwa mpigo. Wanunuzi wa jumla wanazikusanya, wanafuta data, wanazipanga kwa gredi, zinapandishwa meli ama ndege. Ni Gikomba tu, ila ya chuma. Uganda walijaribu kukataa huo mkondo: mwaka 2009 serikali yao ilitangaza kupiga marufuku friji, televisheni na kompyuta zilizotumika. Sisi tuliuacha mlango wazi, na kuna wakati tuliuingia kwa heshima kabisa. Computers for Schools Kenya, iliyoanza 2002, ilikuwa inachukua kompyuta zilizotolewa na ofisi, inazitengeneza na kuzipeleka shuleni. Watu wengi waliosoma Excel kwa mara ya kwanza kwa chumba cha kompyuta cha shule ya upili walikuwa wanabonyeza kibodi ambayo mtu mwingine kabisa alishaizoea.

Kwa hivyo ukiingia dukani Kenya na bajeti ndogo, jua unachagua kati ya vitu ambavyo ofisi za Ulaya zilichagua miaka kadhaa iliyopita, na ofisi hazikuwa zinafikiria gemu. Ndiyo maana laptopu za gemu za kweli ni chache kwenye mtumba wetu, na zile chache zina shida yake.

Shida hiyo ni joto, na ni ya zamani. Kompyuta ya kubebwa iliyoanza kuuzwa kwa wingi ni Osborne 1 ya mwaka 1981. Ilikuwa na kilo 11, skrini ya inchi tano, haikuwa na betri, na bei yake ilikuwa dola 1,795. Iliitwa ya kubebwa kwa sababu ilikuwa na mpini. Tangu hapo kila miaka kumi mashine inapungua uzito, lakini gemu inataka kitu kinyume: inataka chipu inayokula umeme mwingi, na umeme wote ule unageuka joto, na joto linataka nafasi na feni. Laptopu za gemu za miaka ya 2000 zilikuwa matofali. Razer walipotoa Blade yao nyembamba 2011, bei ilikuwa ya kumtoa mtu machozi. Nvidia walianza kufunga chipu za GTX 1050 kwenye laptopu mwaka 2017, na mwaka huo huo wakaleta mpango wa Max-Q wa kupunguza umeme ili mashine iwe nyembamba. Hapo ndipo mtu wa kawaida wa huko alianza kupata laptopu ya kilo mbili inayocheza gemu bila aibu. Na kwa sababu sisi tunapokea baada ya miaka, hapo ndipo na sisi tunafika sasa.

Mimi nilijifunza haya kwa kupigwa. Mwaka 2021 nilikuwa na Sh38,000 za kazi ya kuandika mtandaoni, nikaenda duka moja mjini Nairobi ambalo sitalitaja. Nikaona mashine ina kibodi yenye taa nyekundu, nembo ya kutisha mgongoni, kibandiko cha i7. Muuzaji akaiwasha, taa zikawaka, nikalipa. Sikuuliza ilizaliwa lini. Ilizaliwa 2015. Mtu alikuwa ameicheza kwa miaka sita, usiku na mchana, na grafiksi yake ilikuwa imepikwa ikaiva. Nilihariri video miezi minne. Siku ya mwisho ilizima katikati ya kuhifadhi faili, ikatoa harufu, na fundi akaniambia imeshawahi kufunguliwa ikatiwa moto ili ichipuke tena. Warantii ilikuwa wiki moja. Mwaitu hakusema kitu, lakini mnaona leo amesema.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu, na najua wengine mtanipinga: ukiwa na bajeti yetu, usinunue laptopu ya gemu ya mtumba. Nunua laptopu ya injinia. Ofisi za wachoraji wa majengo na wahandisi huko Ulaya zilikuwa zinanunua mashine maalum, HP ZBook, Lenovo ThinkPad za P, Dell Precision, zenye grafiksi inayoitwa Quadro. Hazina taa, hazina nembo ya nyoka, na kijana anayetafuta gemu anazipita kama hazipo, na hilo linasaidia bei. Lakini ndani, Quadro P1000 ni chipu ya familia ile ile ya GTX 1050, nguvu zinakaribiana. Ina uwezo wa GTA V, Valorant, mpira, na ina uwezo wa Blender ambayo kaka ataihitaji zaidi hata kama hajui bado. Na mara nyingi aliyeitumia alikuwa anafungua ramani saa tatu asubuhi na kuifunga saa kumi na moja jioni.

Jambo la pili ni umri, na hapa historia inakata kama kisu. Microsoft waliacha kuitunza Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 kwa Intel inakubali rasmi kuanzia kizazi cha nane, pamoja na kile kichipu cha usalama cha TPM 2.0. Kwa ofisi ya Ulaya yenye mashine za kizazi cha sita na cha saba, hesabu ni rahisi: toa zote. Zinaenda wapi? Angalia vioo vya maduka. Ukiona i7 ya bei ya kushangaza, kabla hujafurahi uliza ni kizazi cha ngapi. Na i7 si cheo cha maisha. Prosesa za i7 zenye herufi U za kizazi cha saba zilikuwa na kiini mbili tu, na i5 za U za kizazi cha nane zikaja na nne. Kwa gemu tafuta herufi H. Valorant nayo kwa Windows 11 inadai TPM 2.0 na Secure Boot, bila hizo haifunguki, hata uombe.

Wengine mnaniambia nisubiri, bei zitashuka. Sijui mnasubiri nini. Januari 2024 dola ilikuwa karibu Sh160 na kila kitu cha umeme kikapanda. Kufika Aprili ilikuwa imerudi karibu 130, na sikuona duka likibadilisha kibandiko kwa haraka ile ile. Tangu mwisho wa 2025 ni RAM inayopanda dunia nzima, kwa sababu vituo vya data vya akili unde vinazimeza. Ndiyo maana nimekataa mpango wa "nunua ya 8GB, tutaongeza baadaye". Nunua ikiwa na 16 tayari.

Jumamosi tulipanda matatu asubuhi mimi na kaka. Ni kama kilomita 65. Njiani nilimwambia kwamba Waingereza walijenga makao yao hapa Masaku mwaka 1889, kabla Nairobi haijakuwa kitu, halafu 1899 wakahamisha ofisi, na tangu hapo kila kitu kizuri tunakifuata Nairobi. Akaniuliza kama hiyo iko kwa mtihani. Tulipofika barabara ya Mombasa nilimkumbusha kwamba Konza, mji wa teknolojia ambao Rais Kibaki alizindua ujenzi wake Januari 2013, uko upande ule mwingine, hata si mbali na kwetu. Akatazama kidogo kupitia dirisha. Naye akasema, "Sasa mbona tunaenda Luthuli?"

Sikuwa na jibu.

Tuliingia maduka saba. Nilikuwa na flash yenye gemu moja na ujasiri niliokosa 2021. Duka la nne walikuwa na ZBook Studio G5, ya 2018: kizazi cha nane, herufi H, Quadro P1000, RAM 16, SSD 512, kilo mbili na kitu. Waliitaka Sh58,000. Nikamwambia kijana aliyekuwa anauza tuiwashe upya kabisa na tuiunganishe kwa intaneti ya simu yangu, kwa sababu mashine za ofisi nyingine huja bado zimefungwa na kampuni, na siku utakayoweka Windows upya inakuuliza barua pepe ya mfanyakazi wa Manchester. Hii haikuuliza. Nikaandika powercfg /batteryreport, nikalinganisha uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake sasa. Ilikuwa imebaki kama robo tatu, ni uzee wa kawaida. Nikageuza chaja nisome wati, ikawa ni 150 na si ile ndogo ya EliteBook wanayokupa wakidhani huoni. Ukiichomekea ndogo, gemu inatambaa. Halafu tukacheza dakika 20, nikiwa nimeweka kiganja juu ya kibodi na sikio kwa feni. Kijana akaanza kukasirika. Kaka naye alikuwa anaona haya, ananivuta mkono, "Dada, watu wanangoja." Wangoje. Chama ya mwaitu inangoja mpaka Desemba.

Tulifunga kwa Sh51,000 na warantii ya miezi sita iliyoandikwa kwa risiti. Zile sita za juu ni zangu. Kama pesa ingekwama kabisa kwa 45, ningechukua ThinkPad ya kawaida ya kizazi cha nane isiyo na grafiksi yake, na kaka angecheza gemu za 2012 mwaka mmoja. Si mbaya. Sisi tulicheza San Andreas ndani ya folda ya CV.

Usiku tuliiweka kwa meza ya jikoni. Mwaitu akaja, akaikagua kama anakagua mbuzi, akaibeba apime uzito, akauliza inakula stima kiasi gani. Halafu akamuuliza kaka, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hii ndiyo ile Uhuru alisema?"

Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Lakini baadaye nilimwona kaka peke yake, ameifungua, hachezi gemu, anafungua folda moja baada ya nyingine zikiwa tupu, na ana miaka 18 na kitu, na nikakumbuka kile kitabu cha picha.

Jana ameniambia anahitaji pia mausi ya gemu. Nimemwambia hiyo aulize serikali.